Wenye Sukari

Tangu muuguzi Doreen wa zahanati ya Makwale amwambie kuwa ana sukari, mzee Anyelwisye alitembea na neno hilo kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Hakumwambia yeyote. Mkewe alikwisha fariki, na bintiye Lusungu, aliyebaki naye nyumbani, aliambiwa kwamba vile vidonge ni vya mgongo. Mkulima wa mpunga na kakao akisema mgongo unauma, nani atambishia?

Lakini hofu yenyewe, ile inayokausha mate, ilimshikia dukani kwa Muksini.

Muksini alikuwa na duka la jumla pale Mbugani, mjini Kyela, soda mbele, magunia nyuma. Anyelwisye alifika kwa bodaboda ya Aliko kununua chumvi na sabuni, na kama ilivyo desturi akafunguliwa soda ya machungwa kabla hajaketi. Doreen alikwisha mkataza soda. Ila kuikataa kungetaka maelezo, na yeye alikuwa mzee wa kanisa asiyejua ladha ya pombe. Soda ndiyo anasa iliyojulikana kuwa yake. Akaipokea.

Redio ya dukani ilikuwa ikinguruma. Mtaalamu mmoja alikuwa akishauri kwamba kodi ya sukari ipandishwe, fedha zake zigharimie matibabu ya watu wote, kwa sababu mitindo mibaya ya maisha inazielemea hospitali.

"Kasema kweli tupu," alisema Aliko, bado amekalia pikipiki yake. "Wenye sukari walipe. Si wao wanaojaza hospitali? Mama anakwenda kujifungua, anakosa kitanda kwa ajili yao."

Anyelwisye akaishusha chupa.

"Mdomo wako kama bomba la hiyo pikipiki," alijibu Muksini. "Moshi mtupu. Mtu kuwa na sukari ni kosa? Ameiba?"

"Hajaiba. Kajitakia. Alipe."

Abiria akamwita Aliko ng'ambo ya barabara, naye akaondoka akiahidi kurudi. Walipobaki wawili, Anyelwisye alitupa jicho mlangoni, kisha akashusha sauti.

"Bwana Muksini. Hao wa kodi watajuaje nani anayo?"

"Watapita, mzee wangu. Watapima." Muksini alijifuta jasho. "Na mimi ninayo nyingi."

"Na wewe?"

"Imejaa huko nyuma. Usingizi wenyewe siupati."

Anyelwisye alimtazama kiunoni kwa huruma. "Sasa unafanyaje?"

"Nimefunika, kimya. Anajua mke wangu Shamsa tu. Na wewe mzee, kama unayo hata kidogo, nyamaza nayo mpaka upepo upite."

"Ndaga fijo," alisema Anyelwisye, na asante hiyo ya Kinyakyusa aliitoa kwa moyo wote. Kumbe hakuwa peke yake.

Msomaji asimcheke. Baba yake mzee huyu alitozwa kodi ya kichwa, akakimbilia milimani. Yeye mwenyewe, enzi za kodi ya maendeleo, aliwahi kujilaza kifudifudi kwenye mpunga huku mgambo wakipita tutani na fimbo zao. Nchi iliyowahi kutoza kichwa ingeshindwa vipi kutoza damu?

Akaacha kwenda kliniki, maana lile benchi la wagonjwa wa Doreen ndilo watu wa kodi watakalolianzia. Vidonge akavitumbukiza chooni.

Wakati wa kuvuna mpunga alikanyaga kisiki, kikapenya. Hakusikia kitu. Aliona tu damu ikichanganyika na tope, akaduwaa, akautazama mguu wake kama mguu wa jirani. Kule kutosikia kulimtisha kuliko maumivu yoyote. Akafunga kitambaa, akavaa gambuti, akarudi kazini.

Doreen alikwisha mwonya kwamba mwenye sukari hadharau kidonda, kidonda kinaweza kuondoka na mguu. Kila asubuhi mzee alikifungua nyuma ya nyumba, na kila asubuhi kilikuwa kimepanuka. Alijua anachokichezea. Lakini akifikiri kwenda zahanati aliwaona wale watu wa kodi benchini, wanaita majina, na shamba la kakao la Lusungu likipigwa mnada kwa ajili ya damu ya baba yake. Akafunga kitambaa tena.

Siku moja pikipiki ngeni ilikata kona kuingia uani, imebeba wanaume wawili wenye mikoba. Anyelwisye aliingia kwenye migomba akiuburuta mguu, akachutama. Kupitia majani aliwaona wakisema na Lusungu. Aliona mmoja akitoa kitu mkobani. Mzee wa kanisa akafumba macho, na sala isimjie hata neno moja. Walipoondoka, Lusungu alisema walikuwa watu wa ushirika, wamekuja kuuliza habari za kakao. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Tata, mbona unatetemeka?"

Halafu ikaja harufu.

Ndipo mzee alipojitwika kazi ya kuvundika kakao, kazi aliyozoea kuwaachia vijana. Kakao mbichi ikifunikwa majani ya migomba huchacha, na uchachu wake hufunika kila kitu. Akahamishia kitanda chake kibandani, kando ya makasha ya kuvundikia. Alisema anailinda kakao isiibwe.

Kakao ikaiva, ikaanikwa, ikakauka, ikaenda mnadani. Lusungu akaosha makasha, akafagia kibanda, akasimama katikati akinusa. Kisha akageuka.

"Tata, kakao imeondoka. Mbona harufu haijaondoka?"

Anyelwisye akaurudisha nyuma mguu. Binti akapiga magoti, akashika gambuti, akavuta. Soksi ilitoka na ngozi. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama punje za kakao iliyokauka, na wekundu ulikuwa umeshapanda kuvuka unyayo.

Aliko aliwabeba mshikaki, mzee katikati, mpaka hospitali mjini. Wodini, kabla daktari hajafika, Anyelwisye alimvuta bintiye shingo.

"Usiwaambie ni sukari. Sema nimejikata jembe."

"Kumbe ni sukari, si mgongo? Kwa nini nisiseme?"

"Watanitoza. Ile kodi."

Lusungu alimwangalia. "Ile ni kodi ya soda, tata. Ya sukari ya dukani. Ya mgonjwa nani kakwambia?"

"Muksini anayo. Kaniambia mwenyewe, imejaa nyuma."

Aliko, aliyesimama mlangoni, aliacha kuchezea funguo.

Muksini alifika mchana huohuo na mfuko, kama mtu aendaye kumwona mgonjwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na soda za machungwa. Lusungu aliupokea kwa adabu, akausukuma chini ya kitanda.

"Bwana Muksini," alisema mzee, "ile yako ya huko nyuma."

"Magunia, mzee wangu. Magunia ya sukari niliyoyaficha yasipimwe. Nilidhani na wewe umeweka ya biashara." Aliutazama mguu, akaketi bila kukaribishwa. "Ya Rabi. Mimi nikakwambia unyamaze."

"Mimi bado nasema walipe," alisema Aliko polepole. "Lakini sikusema mgonjwa."

"Ulisema wenye sukari," alijibu Lusungu. "Aliye nayo dukani na aliye nayo kwenye damu ukawatia gunia moja. Na waliofundishwa kusema redioni wakafanya vilevile."

"Na dukani silipi mimi," alisema Muksini. "Wakipandisha, napandisha chupa. Analipa mnywaji."

"Ungepandisha," alisema Anyelwisye. "Labda ningekunywa maji." Akaangalia chini ya kitanda, kwenye mfuko. "Au ningekununia, nikainywa hivyohivyo."



Daktari Kisa aliingia, msichana wa umri wa Lusungu, na kalamu nene ya wino mkononi. Alieleza taratibu, kwa heshima, bila kuficha: ungewahi tungetibu kidonda, sasa lazima tukate, tuokoe kilicho hai. Mzee akaridhia kwa kutikisa kichwa. Daktari akasema atachora alama ya mahali pa kukatia, akaanza kupapasa ngozi kutoka chini, kalamu ikifuata vidole vyake.

Kalamu ilielea juu ya vile vidole vyeusi. Anyelwisye aliushika mkono wa bintiye. Hapo, alisema moyoni. Hapo panatosha.

Ikavuka vidole. Ikapita juu ya unyayo, pale palipopenya kisiki. Ikafika kwenye kifundo, ikasita.

Kisha ikapanda.