Kiwanja cha Kabuli

"Kabuli! Kabuli yuko?"

Hakuna aliyeitika. Ndani ya kanisa la mabati watu waligeuza shingo, wakatazamana. Ramani ya mtaa ilikuwa imetandazwa juu ya meza, pembe zake zimekandamizwa kwa mawe manne, na kila mwenye kiwanja alikuwa akiitwa aone jina lake kabla wino haujapita juu ya maandishi ya kalamu ya risasi.

"Mimi nakaa hapa miaka kumi," akasema Bramwel, mwenyekiti wa mtaa. "Kabuli gani huyo?"

"Si ndiye anaibanga kuku za Peris!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Edah hakucheka. Alikuwa ameketi benchi la mwisho, sindano ya gunia imechomekwa kwenye leso yake. Miaka kumi na tano alikuwa akishona magunia yaliyotoboka katika stoo ya mahindi ya Madanlal, hapo Kitale, na vidole vyake vilijua jambo moja: tundu halishonwi kuanzia ukingoni. Unaanza mbali kidogo, pale gunia bado ni zima.

Mwezi wa tatu, msichana wa ramani, Chemutai wa Saboti, alipita na kamba ya kupimia na daftari. Nyuma ya nyumba ya Edah alikuta kipande cha nyasi kimezungushiwa mawe.

"Na hapa, mama?"

"Hapa ni kabuli," Edah alijibu, kwa ulimi wake wa Bungoma.

Chemutai aliandika, akapaka namba 47 kwa rangi nyekundu kwenye jiwe kubwa, akaendelea. Hangejua. Udongo ulikuwa umeshuka zamani, ukawa sawa na ardhi. Wabwile, mwanawe, alizikwa hapo mwaka wa sabini na sita, akiwa na miaka minne, baada ya surua. Wakati huo hapo palikuwa pembeni mwa shamba, mji haujafika. Shemeji zake Edah kule Kibabii walikuwa wamesema mtoto wa mke aliyeondoka hana nafasi kwao.

Na asubuhi hii masharti yalikuwa yamesomwa mara mbili. Kiwanja kisicho na mwenyewe kitapewa barabara. Kaburi lililo ndani ya mtaa litafukuliwa, mifupa ihamishwe.

"Kama hayuko, barabara ipite hapo," Bramwel akasema. "Itanyooka hata."

Edah akasimama, akaenda hadi mezani.

"Mimi ni mama yake."

Kicheko kikakatika. Peris, jirani yake, ambaye siku ile ya mazishi alileta blanketi lake jipya la kumfunika mtoto, aliinamisha kichwa.

Chemutai, ambaye ndiye aliyekuwa akiita majina, akafungua daftari. "Alizaliwa lini, mama?"

"Sabini na mbili."

"Anafanya kazi?"

"Hapana. Amepumzika."

"Anakaa na nani?"

"Na mimi. Hajatoka hapo tangu tumwekee hiyo nyumba. Sasa hii balabala ikipita juu yake, aende wapi?"

Kalamu ikasimama. *Balabala*, midomo ya msichana ilirudia bila sauti. Akatazama ramani, akatazama sindano kwenye leso, kisha uso wa yule mama.

"Mama," akasema chini chini, "niandike kwa l ama kwa r?"

Nyuma yao benchi moja lililia.

"Andika vile nilisema."

Chemutai akachovya kalamu. Kwenye herufi ya tano alikawia, kisha akamaliza, akapuliza wino ukauka. Akashika rula, akavuta mstari wa barabara. Ulipokaribia 47, ukapinda.

"Kiwanja arobaini na nane!" akaita.

Edah hakurudi stoo siku hiyo. Alipiga magoti kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Mvua za miezi mitatu zilikuwa zimeotesha kuvu juu ya ile namba, saba haionekani vizuri. Akachomoa sindano ya gunia kwenye leso, akaanza kukwangua taratibu, akianzia mbali kidogo, pale jiwe lilipokuwa bado zima.