Kamba ya Kariandusi

Mwaka wa 1956 mume wangu Jonah alikuwa akichimba yale mawe meupe ya Kariandusi, nami nimebaki Molo na baridi yangu. Miezi minane kimya. Halafu ikaja barua ya Kiingereza, maana alikuwa ameanza masomo ya jioni na sasa anajiona mzungu. Baada ya salamu nyingi alimalizia hivi: "Drop me a line."

Karani wa kituo cha maziwa alinisomea, akajikuna kichwa. "Mama, anasema umwangushie kamba."

Kamba! Basi ametumbukia shimoni. Nilimfungua ng'ombe kamba yake, nikapanda lori la viazi, nikalia mpaka Nakuru na kupita, hadi machimboni.

Nilimkuta amesimama, mzima, mweupe kwa vumbi.

"Shimo liko wapi?" nikamuuliza.

Aliponielewa alicheka mpaka akakaa chini. "Chepkemboi, kwa Waingereza hiyo ni kusema uniandikie barua, hata mstari mmoja."

Nilimtupia kamba kifuani.

"Miezi minane nalala na koti lako, Jonah, na wewe unataka mstari mmoja?"