Mshale wa Joto Uliogoma Kuamka

Nikisema ninalipenda gari lile, kaka yangu husema nina kichaa, nami hukubali kwamba ninacho. Baba alituachia sote wawili: gari refu la njia mbovu, matairi manene, rangi ya kijani iliyopauka. Kaka ni fundi bomba, mimi ni mshonaji, na ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Gari lilichemka kila lilipopanda mlima wa kwenda kwa Mama. Geji yake ya kiwandani nayo ilikuwa mwongo asiye na haya: mshale ulikaa katikati, umetulia tuli, mpaka mvuke unafuka kwenye boneti. Mara ya mwisho Mama alimalizia mlima kwa miguu, viatu mkononi, gauni lake la kwendea harusini limejaa vumbi.

"Nimepata mteja," kaka aliniambia Ijumaa. "Mfuga kuku. Anakuja Jumatatu kulichukua."

"Hata kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekubali?"

Nilimbembeleza, nikamnunia, nikambembeleza tena, mpaka tukaafikiana. Jumapili tungempeleka Mama kwake kwa gari hilo hilo. Likifika juu bila kuchemka, haliuzwi. Likichemka, mfuga kuku alichukue, na mimi nisinune zaidi ya wiki moja.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa muuza vipuri kabla hajamaliza kufungua makufuli. Ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hana haraka na mtu.

"Nataka geji ile," nilisema, nikionyesha moja yenye kigari kidogo kinachoinama huku na huku.

"Hiyo inakwambia gari limelala upande gani. Sasa mwanangu, likilala hutajua mwenyewe?"

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nikahamia kwenye geji ya namba za bluu zinazowaka, nzuri ajabu. Akatikisa kichwa.

"Jua likipiga kioo, hapo husomi kitu. Na kwenye mawe huna nafasi ya kusoma namba, unatupa jicho mara moja basi. Chukua za mshale, zenye uso mkubwa."

Nikachukua tatu: ya joto la maji, ya presha ya oili, na ya volti za betri. Nilizibeba hadi nyumbani kifuani, kama mayai.

Nilichora mashimo kwenye dashibodi kwa chaki yangu ya vitambaa, nikapima mara tatu, nikazipanga geji kama ninavyopanga vifungo, ya joto mbele kabisa ya macho. Nyaya nilizivuta hadi kwenye injini kwa kuzifunga kwenye waya mgumu, vile vile ninavyopitisha lastiki kiunoni mwa sketi. Nilikuwa nikiimba, tena vibaya.

Kaka alidai hayamhusu. Akasogea, akasogea tena, mwisho nikamkuta kichwa chake kiko chini ya boneti. "Hiyo sensa niachie mimi," alisema. Sensa ni kile kidude cha shaba kinachoingizwa kwenye maji ya injini ili kupeleka habari za joto kwa geji. Kwa kaka, kitu chochote chenye meno kinachokazwa penye maji ni kazi yake, na hajawahi kuacha kiungo kikivuja. Akatoa tepu yake nyeupe ya mabomba, akazungusha, akazungusha tena, sensa ikafanana na kidole kilichokatwa na kisu. Akakaza. Halikutoka hata tone, tukasifiana sana.

Tukawasha. Mshale wa oili ukainuka, wa volti ukainuka, tukapiga makofi. Wa joto ukalala. Tukangoja mpaka boneti haishikiki kwa moto, na mshale bado umelala chini kabisa.

"Umeuziwa geji mbovu," kaka alisema, taratibu, wala hakunicheka. Machozi yalinilenga. Bila mshale huo ningepanda mlima kipofu kama zamani, na gari la Baba lingeishia kubeba kuku.

Nikampigia muuza vipuri, maneno makali nimeshayapanga. Aliyasikiliza yote, kisha akauliza, "Nani kafunga sensa?"

"Kaka yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi bomba."

Kicheko chake kilimfikia kaka alikosimama. "Mwambie atoe tepu yake! Ile sensa lazima iguse chuma cha injini ndipo umeme upite. Ameivalisha soksi!"

Injini ilipopoa, kaka aliivua sensa soksi yake huku akinung'unika kwamba itavuja. Haikuvuja. Tukawasha tena, na mshale ukatikisika, ukaanza kupanda polepole. Nilicheza kuzunguka gari mara mbili.

Jumapili Mama alipanda kiti cha nyuma akiwa amevaa raba. "Najiandaa tu," alisema.

Kona ya pili, mshale ukafika tisini na tano. Ya tatu, mia. Mstari mwekundu ulikuwa mia na kumi.

"Mia na mbili!" kaka alisoma kama mtangazaji wa mpira. "Mia na tano! Mia na sita!"

Zamani ningekuwa nakanyaga mafuta tu, sina habari. Safari hii nilirudi giya ya chini, nikapunguza mwendo. "Washa heta yote!"

"Na jua hili?"

"Washa! Itoe joto kwenye injini ilete kwetu!"

Upepo wa moto ukatupiga usoni. Jasho likatutiririka hadi kwenye viwiko.

"Mnanipika?" Mama alilalamika.

"Bora tuchemke sisi, Mama, gari lisichemke!"

Mshale ukasita. Mia na nne. Mia. Tisini na sita. Tulipiga kelele sote watatu, Mama akinipiga mgongoni kwa mkoba wake, na kwa kelele hizo hizo tukafika juu.

Mama akashuka, viatu miguuni. Ndipo simu ya kaka ikaita. Mfuga kuku. Kaka alinitazama, akatazama mshale uliotulia kwenye tisini, akajifuta jasho.

"Ndugu yangu, nisikufiche," alisema kwa huzuni kubwa. "Gari hili linachemka vibaya sana."

Akakata simu, akanisukuma kwa kiwiko. "Sogea. Tushuke, tupande tena, naendesha mimi."

Mama alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma.