Usimchanganye na Wengine

Mgeni aliingia bila hodi, mfuko wa plastiki kifuani, wakati dobi akinyoosha kola ya shati. Wifi wa dobi, aliyekuwa akikunja mashuka pembeni, alimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Karibu, baba. Mbwa hatuna, lakini hodi tunaipenda," alisema wifi.

"Mnisamehe, akina mama. Akili yangu haiko mahali pake." Mwanamume yule alitoa gauni jeupe la kulalia. "Mke wangu anapasuliwa Ijumaa. Anataka aende nalo hospitali likiwa limenyooka. Naweza kusubiri?"

Dobi alilipokea, akalinyunyizia maji, akaanza. Wifi hakuweza kuvumilia kimya, kama kawaida yake.

"Umefika penyewe, baba. Huyu wifi yangu mtaa mzima unamwita Mama Sala. Kwaresima hii yote yeye ndiye anayeongoza ibada ya Njia ya Msalaba. Akishika kipaza sauti, hata walevi wanavua kofia."

Mgeni aligeuka. "Basi utamwombea?"

"Nitamwombea," dobi alijibu, macho kwenye pindo. Neno lilimtoka kama linavyowatoka waumini wengi, jepesi kuliko salamu.

Lakini mgeni hakusema asante. "Saa ngapi?"

Pasi ilisimama. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Anaingizwa saa tisa mchana," mgeni aliendelea. "Naomba uwe naye saa hiyo. Yeye peke yake, usimchanganye na wengine. Jumuiya yetu inamwombea kila wiki, 'na wagonjwa wetu wote.' Anasema amechoka kuombewa kwa fungu, kama soksi. Mwenyewe hawezi tena kusali. Akifumba macho anaona kisu tu."

Dobi aliinua pasi kabla haijaunguza kitambaa. "Saa tisa. Yeye peke yake. Nimekuahidi." Akauliza jina la mgonjwa, akalirudia ili asilisahau.

Mgeni alipoondoka na gauni lake, wifi aliangua kicheko. "Wifi, umejifunga kamba mwenyewe. Ijumaa saa tisa si ndiyo Njia ya Msalaba? Tena hii ya kuzunguka mitaa, na wageni wa parokia jirani wanakuja."

Dobi alikaa juu ya furushi la nguo chafu. Maandamano yalimtia wasiwasi, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, ambalo hata wifi hakulijua. Mama yake alifariki Kwaresima iliyopita, baada ya yeye kumwombea mpaka magoti yakaota sugu. Tangu hapo hakuwa amesali hata mara moja akiwa peke yake. Mbele ya watu maneno yalikuja yenyewe, yakipanda na kushuka vizuri. Chumbani, akifanya tu ishara ya msalaba, yalipotea, naye alisingizia uchovu akalala. Sasa mwanamke asiyemjua angelala chini ya kisu akimtegemea mtu asiye na neno la kusali.

Siku zilizofuata alijaribu. Alifunga kama wenzake. Njaa aliipata, sala hakuipata.

Ijumaa mwenyekiti wa jumuiya alifika mapema, kitabu mkononi. "Mama Sala, watu wamejaa. Twende."

"Leo siongozi, mwenyekiti. Nimeahidi kumwombea mgonjwa saa tisa."

"Sasa shida iko wapi? Utamwombea tukitembea. Vituo vya sala viko vingi, mgawie hata viwili."

Ingewezekana, na hakuna ambaye angejua. Lakini dobi alijijua: akishika kipaza sauti, alichosikia ni sauti yake tu.

"Nimeambiwa nisimchanganye."

"Na nani? Na Yesu?"

Mwenyekiti akapunguza sauti. "Mama, tusidanganyane. Ukiniangusha leo mbele ya wageni, Ijumaa Kuu nampa mwingine. Na watu watasema."

Aliipenda Ijumaa Kuu kuliko siku zote za mwaka. "Mpe," alisema.

Wifi alijifunga kitambaa kichwani bila mzaha safari hii. "Nikiulizwa, nisemeje?"

"Sema niko kazini."

Alifunga mlango, akachomoa waya wa pasi, akapiga magoti katikati ya mafurushi. Huko nje kipaza sauti kilikwaruza, kisha ikaanza sauti ya mtu mwingine, nyembamba, ikikosea mahali pa kupumua. Dobi nusura ainuke akairekebishe. Saa tisa ilipotimu alifanya ishara ya msalaba. Maneno yakapotea vilevile.

Alilitaja jina la mgonjwa. Hakuna kilichofuata. Akalitaja tena, mara likamtoka neno asilolikusudia.

"Mama yangu hukumponya."

"Bado nina hasira na Wewe," alisema kwa sauti ndogo, isiyopanda wala kushuka. "Lakini leo sikuja kwa ajili yangu." Akalitaja jina la yule mwanamke, akamwomba Mungu amshike mkono, na hofu impungue.

Mtu aligonga, akaulizia mashati yake, akaondoka akinung'unika. Maandamano yalipita karibu kabisa na ukuta, yakaishilia. Magoti yalimwuma kwenye saruji. Hakujua kama kule hospitali wameshaanza kupasua, wala kama anasikilizwa. Alibaki palepale, akimtaja yeye peke yake.