Panya Waliokufa Kimya

Kazi yake ilikuwa kuosha vizimba vya panya na kubadilisha maranda, ndiyo maana wakubwa wa maabara walimbandika jina la Mzee Maranda. Aliitikia tu. Tangu siku mkewe alipodungwa ganzi ya jino, akatukutika kama kuku aliyechinjwa, akafia pale pale kitini, hakuwa na nguvu ya kugombania jina. Walimwambia ni kazi ya Mungu. Ndivyo walivyo wakubwa: wakivunja chungu, lawama humtwisha Mungu.

Sasa Daktari Mkuu alikuwa anatafuta kinga ya kuzuia degedege hilo la ganzi. Panya kumi walipewa kwanza dawa ya kutuliza, kisha ganzi. Wengine kumi walipewa ganzi tupu. Hao wa ganzi tupu walikakamaa na kutukutika. Wa kinga walilala kama watoto walioshiba. Daktari akasugua viganja, akawazidishia ganzi. Kimya. Akaandika kwamba wamekingika, akaenda kula.

Aliyebaki kusafisha ni Mzee Maranda. Alipotia mkono kizimbani, saba kati ya wale kumi wa kinga walikuwa wa baridi. Hakuna aliyetukutika. Moyo ulisimama tu.

Daktari aliporudi akamwambia, "Mkuu, hawa wako wamekufa."

"Muda wa kuwaangalia ulishakwisha, mzee. Mimi napima degedege, na degedege hakuna."

"Kutukutika ndiyo kelele yao ya kuomba msaada! Umewaziba midomo, halafu unasema hawana shida?"

"Haya, profesa wa maranda!" akadakia msaidizi, na wote wakaangua kicheko.

Angemeza, kama alivyozoea kumeza. Lakini Alhamisi daktari huyo huyo alikuwa ampasue binti wa mzee mkono, uliosagwa na mashine kiwandani. Jioni mzee alimkalisha binti chini.

"Mwanangu, mwambie akupe ganzi kidogo."

"Baba, amesema nitapewa kwanza dawa yake ya kinga, ili aweze kuizidisha ganzi nisisikie hata chembe. Kwani wewe udaktari umesomea wapi?"

"Kwenye mavi ya panya."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake akatia saini fomu ya kukubali upasuaji.

Alhamisi mzee alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Bintiye alikuwa amelala, kope nzito, uso laini. Daktari alishika sindano ya pili ya ganzi. Mzee akajitoma ndani.

"Mpimeni moyo kwanza! Mashine iko wapi?"

"Nani kamruhusu huyu? Mashine iko wodi nyingine. Mtazame mwenyewe alivyotulia, mzee. Angekuwa na shida si angetukutika?"

Mzee alimkamata bintiye kifundo cha mkono ule mzima. Bawabu akamvuta shati, akamvuta mkanda, mzee hakuachia. Chini ya kidole gumba chake mshipa ulipiga, ukapiga, ukakawia. Akabana pumzi. Ukapiga tena, mara moja, kwa unyonge, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyo na uhakika nayo.

"Unakawia! Mkuu, nakuomba, shika hapa, moyo unakawia!"

Daktari hakushika. Alitazama uso wa binti, akauona umetulia, akaisukuma sindano.