Kila Sekunde Arobaini na Tano

Kompyuta ilinipongeza kwa mara ya kumi na moja. "Hongera! Usakinishaji umekamilika," iliandika, na alama ya vema ya kijani juu yake. Nikafungua programu yangu ya muziki, nikazitafuta zile fidla nilizopongezwa kwa kuzipata, nikakuta patupu palepale pa jana. Hapakuwa na fidla, hapakuwa na hata uzi wa fidla. Nikajiinamia mezani kwa hasira, kiwiko kikagonga chuma cha jiliwa la baba, maumivu yakapanda mpaka begani.

"Imekubali?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

Baba hakuwa na sauti ya kuulizia. Miaka thelathini ya kutengeneza mitambo katika kiwanda cha nguo ilikuwa imemmaliza masikio, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa sauti ya kushindana na mitambo mia mbili. Akikunong'oneza siri, jirani anaijibu.

"Inasema imekubali, baba. Lakini inakataa."

Akaitazama skrini kwa muda, mikono nyuma. "Niliwahi kuwa na meneja wa namna hiyo," alisema, akaondoka zake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Harusi ya kaka ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ndiyo ilikuwa imeshika maisha yangu yote mkononi.

Miezi minane kabla, nilikuwa nimeacha kazi katika ofisi ya bima, ambako nilipokea simu za watu waliogongwa magari yao na wote walidhani ni mimi niliyewagonga. Niliacha ili nitengeneze muziki. Mama alinikumbatia. Baba alinipa funguo za stoo yake ya vyombo, nikabandika magodoro ukutani, nikaweka spika mbili, nikaiita studio. Kitu kimoja tu alikataa kukiondoa: jiliwa, lile dude la chuma la kubania vitu, alilokuwa amelifunga kwa boliti nne kwenye kona ya meza. "Usiliguse," alisema. "Nitalihitaji ukishamaliza hayo mambo yako."

Kisha kule ofisini wakaniita nirudi, wakasema kiti changu watakishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Hapo baba akatoa masharti yake, mezani, mbele ya mama na kaka. "Harusini nitasikiliza," alisema. "Nikisikia kazi, nitanyamaza. Nisiposikia, Jumatatu yake unarudi kwenye simu zako." Kwa mtu mwenye sauti ile, ahadi ya kunyamaza haikuwa jambo dogo.

Wifi yangu mtarajiwa alikuwa muuguzi, na wauguzi wenzake ishirini na wawili walikuwa wamejitolea kumwimbia. Mimi nitunge wimbo na kutengeneza muziki, wao waimbe juu yake ukumbini. Wimbo niliutunga kwa siku mbili, na ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe bila haya. Ila uliegemea fidla, na fidla zangu zilitakiwa kutoka kwenye plagini, yaani kiprogramu kinachochomekwa ndani ya programu kubwa ya muziki ili kiipe sauti ambayo haina.

"Kumbe ni kipuri," baba alisema nilipomweleza.

"Ndiyo, baba. Ni kipuri."

"Basi kifunge."

Laiti ingekuwa hivyo. Ili kuiweka plagini, ilibidi kwanza niweke programu ya kuwekea plagini. Programu hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati dakika ileile niliyoipakua, ikadai iletewe nyingine ya kuisasisha. "Yaani unaita fundi aje amwite fundi," alisema baba, ambaye kufikia hapo alikuwa amejipatia kiti juu ya sanduku la spana. Kisha kompyuta ikataka nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zote zenye taa za barabarani. Baba akavaa miwani. Tukabishana kuhusu mlingoti: je, mlingoti wa taa nao ni taa? Baba alishikilia kwamba ni taa, kwa sababu ukiuondoa taa inaanguka. Tukauchagua. Ikakataa. Mara ya tatu, baba na mimi tukatangazwa rasmi kuwa tunashukiwa ni roboti. Alikasirika kweli. Miaka thelathini aliishi na mitambo, alisema, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwita mwenzake.

Nikaiweka, nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikaiweka tena kwenye folda yenye jina jipya, kwa matumaini tu, nikaingiza tena ile namba ndefu ya leseni, nikasubiri, nikapongezwa. Nilifanya hivyo mara kumi na moja.

Jumanne baba alikuja na vikombe viwili vya chai. Akakaa kwenye sanduku lake.

"Kipuri umekiweka."

"Nimekiweka."

"Wapi?"

"Kwenye kompyuta, baba."

"Kiwandani ukisema umekiweka kiwandani, unafukuzwa. Umekiweka rafu gani? Na huyu anayekitafuta, anakitafuta rafu gani?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba mambo ya kompyuta hayaendi hivyo. Nikaufunga. Nikaangalia. Fidla zangu zote zilikuwepo, mara kumi na moja, zimepangana katika folda ambazo programu yangu ya muziki haikuwahi kuambiwa izitazame. Nikaionyesha mahali. Nikabonyeza, na fidla zikalia ndani ya stoo ile kwa nguvu kiasi kwamba nilisimama wima.

"Mm," alisema baba. Akachukua kikombe chake akaenda.

Hakuwa mtu wa kusifu. Kwake mtambo uliopona haukuwa na habari tena. Uliozungumzwa ni ule mbovu. Kwa miezi minane hakuwa amesema neno lolote kuhusu kazi yangu, nami sikujua kama ananihesabu katika mitambo iliyopona au katika ile aliyoikatia tamaa. Iliniuma kuliko nilivyopenda kukiri.

Nikaendelea kucheza wimbo. Zilipofika sekunde arobaini na tano, muziki wote ulikatika, na badala yake ukatoka mvumo wa pumzi ndefu: shhhhhh. Sekunde tatu hivi. Kisha fidla zikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya sekunde arobaini na tano nyingine: shhhhhh.

Toleo la majaribio: likitumika bila leseni, hukata muziki makusudi. Plagini niliyoinunua kihalali ilikuwa inanizomea kama mwizi. Nikaingiza namba ya leseni, ikajibu kwamba leseni yangu imefikia kikomo cha idadi ya kompyuta. Nikaitazama kompyuta yangu, ambayo ilikuwa moja, na yenye ufa. Nikaandika barua kwa kampuni. Jibu lilikuja palepale kutoka kwa mashine, likinishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao.

Jioni ileile Matroni alipiga simu. Ndiye aliyeongoza wauguzi wodini na kwenye wimbo pia, na aliongea bila kupoteza hata pumzi.

"Binti, tunahitaji huo muziki. Watu wangu wana zamu. Hatuwezi kujifunza wimbo mlangoni mwa ukumbi."

Nikamtumia toleo lile lile, pamoja na sauti yangu ya kuwaongoza, nikaandika: "Hii ni ya mazoezi tu." Kuhusu ule mvumo sikueleza chochote. Nilidhani mtu yeyote mwenye masikio ataujua kuwa ni hitilafu.

"Tumepokea," alijibu. "Tutafuata kama ilivyo."

Nililisoma jibu hilo nikafurahi. Sikuona hatari yoyote ndani yake.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa nilizitumia kuandikiana na mashine. Baba alipita mlangoni kila baada ya saa moja hivi, na kila mara aliuliza, "Imekubali?" nami nikamjibu, "Inakataa." Siku ya Ijumaa alikuja na nyundo. Alikuwa anaipeleka kwa jirani, alisema, lakini alisimama nayo pale muda mrefu akiitazama kompyuta.

Jumamosi asubuhi, wakati mama anapiga pasi nguo za harusi, jibu liliingia kutoka kwa binadamu. Kila nilipoiweka ile plagini upya, huko kwao iliandikwa kwamba nimenunua kompyuta nyingine. "Tunaona studio yako ni kubwa, yenye kompyuta kumi na moja," aliandika mtu huyo. "Kama ulivyoomba, kumi tumezifuta na kukuachia moja. Pole kwa kulazimika kupunguza shughuli."

Nikaingiza namba. Ikakubali. Nikautoa wimbo upya, nikausikiliza mara tatu huku nahesabu kwa vidole. Arobaini na tatu, arobaini na nne, arobaini na tano, na fidla zikapita zimenyooka, safi, bila pumzi ya mtu. Nililia kidogo, kisha nikaenda kuoga.

Ukumbini nilikaa pembeni na mikisa yangu, mashine ya kurekebishia sauti, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kupandishia sauti. Baba alikuwa mstari wa mbele, karibu na mjomba wa bi harusi, mzee mpole ambaye alikuwa ameshaanza kuegemea upande wa pili ili kuokoa sikio lake. Wauguzi wakapanda jukwaani wamevaa sare, wamepangwa kwa urefu. Matroni akanikonyeza. Nikauachia muziki.

Waliimba vizuri ajabu. Kila neno lilikuwa mahali pake na kila pumzi kwa wakati wake. Nikaanza kutulia, hata nikamtazama kaka, ambaye alikuwa ameshika mkono wa wifi utadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Sekunde ya arobaini na tano, Matroni akaweka kidole mdomoni. Wauguzi ishirini na wawili wakaweka vidole midomoni.

"Shhhhhh!"

Ndipo nikaelewa. Walikuwa wameufuata wimbo kama wanavyofuata cheti cha daktari, hawakupunguza wala kuongeza, na mvumo ule waliumeza kama sehemu ya dozi. Na sasa fidla zangu safi, nilizozipigania wiki nzima, zilikuwa zikilia zenyewe mbele ya wageni mia tatu, na wanawake wale walionekana wamesahau wimbo. Ningeziacha, kazi yangu ingesikika nzima, na wao wangeaibika. Sikufikiri sana. Nikashusha kitufe mpaka chini, nikaziua fidla kwa mkono wangu mwenyewe.

Ukumbi ukawa kimya kama maji ya mtungini. Muuguzi akikwambia nyamaza, unanyamaza; hata watoto wachanga walinyamaza. Mtu mmoja tu hakusikia, kwa sababu masikio yake aliyaacha kiwandani.

"...WIKI NZIMA INAMKATALIA!" baba alikuwa akimweleza mjomba wa bi harusi. "Mara kumi na moja! Mimi ningeshaipiga nyundo. Yeye kakaa nayo tu, hakuondoka. Yule ni fundi, bwana, kunishinda hata mimi!"

Neno la mwisho alilisikia mwenyewe. Akageuka polepole, akaona nyuso mia tatu.

Nikapandisha kitufe, fidla zikarudi, na wauguzi wakaingia nazo sawia. Makofi yaliyopigwa pale yalikuwa makubwa, na mimi sikuona tena taa za mikisa kwa sababu ya machozi. Mara ya pili nilikuwa tayari, nikashusha kwa wakati. Mara ya tatu ukumbi mzima uliweka vidole midomoni pamoja nao, na baba aliyatazama viatu vyake.

Baadaye mjomba wa bi harusi alikuja kuniuliza nani aliyebuni kile kimya.

"Ni utunzi tu," nilisema.

"Na sisi tulikipenda sana," alisema Matroni, kisha akanivuta kando. "Ila ile mara ya kwanza ulichelewa, mwanangu. Ulitupitiliza sekunde nzima. Ufanye mazoezi."

Jumapili baba hakusema kitu. Alikuwa ameahidi kunyamaza akisikia kazi, lakini hata kama alikuwa amekasirika kwa ile aibu ya ukumbini, angenyamaza hivyohivyo, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Jumatatu asubuhi nikapiga pasi sketi ya ofisini, ili nisije nikakutwa sijajiandaa. Nikaenda stoo kuzima vitu.

Miguu ya baba ilikuwa imetokeza chini ya meza. Boliti tatu zilikuwa zimeshatoka, zimepangwa sakafuni kwenye kitambaa. Ya nne ilikuwa na kutu, akawa anaipigania kwa spana na kuguna.

"Imekubali?" nilimuuliza.

"Inakuja." Ikalia, ikaachia. Akatoka chini ya meza na vumbi kichwani, akalibeba jiliwa lake kifuani kwa mikono miwili. "Lilikuwa linakubania meza," alisema, na nadhani mtaa mzima ulisikia.

Matundu manne yangalipo kwenye kona ile mpaka leo, nami hupitisha waya za spika humo. Wimbo ule umeshaimbwa kwenye harusi nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka, na hakuna anayeutaka bila kimya chake. Baba akiwepo, mimi huhesabu kimoyomoyo. Ikifika arobaini, hata awe katikati ya hadithi, hata awe ameshika mkono wa mtu, anakatisha, anabana midomo na kutazama dari. Mimi namtazama yeye, mpaka fidla zirudi.