Jezi za Nazari

Mume wangu alikuwa mwizi, na aliyeibiwa ni mimi. Nasema hivyo bila chuki, maana soko zima la Ifakara lilijua. Mimi nauza mitumba, yeye alikuwa fundi baiskeli, na banda lake lilitazamana na meza yangu. Belo la mitumba likifika kutoka stesheni, kabla sijakata hata kamba ya kwanza, Nazari alikuwa ameshaacha baiskeli ya mtu miguu juu, ameshanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni ya mche, na amesimama nyuma yangu.

"Zipo?"

"Sijui. Mimi si mganga."

Basi anachuchumaa na kuanza kuchambua. Ikitokea jezi ya mpira ya Waingereza anaivuta taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Na hapo ujue imeshaondoka kwenye mali yangu, hairudi.

Lakini si kila jezi aliichukua, wazimu wake ulikuwa na masharti. Zile mpya zinazoletwa na wachuuzi kutoka Kariakoo, zinazong'aa leo na kuchuja rangi kwenye beseni kesho, hakuzigusa. Alitaka zilizovaliwa kule kule Uingereza, za miaka hii hii ya tisini, zisizo na doa wala mchubuko. Anaigeuza ndani nje, anakagua nyuzi nyuma ya nembo, anasoma kilebo cha shingoni, halafu anaiinua juani. Ziko jezi ukiziinua juani unaona nembo ndogo ndogo za timu zimefichwa ndani ya kitambaa chenyewe, ambazo aliyeivaa hata hazioni. "Umeona, Digna? Hii ndiyo yenyewe." Yenyewe, yenyewe! Neno hilo nililichukia.

Alikuwa nayo ya Arsenal, ya njano yenye mistari myeusi iliyovunjika vunjika, inayoumiza macho. Alikuwa nayo ya Norwich, njano iliyorushiwa kijani, na kwa ajili ya hiyo wenzake wa Simba walimwandama mwaka mzima kwamba amehamia Yanga kimyakimya. Nyingine ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kilebo, PERKINS 4B, na Nazari alikaa akijiuliza huyo Perkinsi wa darasa la nne sasa ana umri gani, na kama mama yake anajua jezi imefika wapi. Jumamosi jioni aliinamia redio kusikiliza matokeo ya huko, anazitaja timu kama anataja majirani. Kisha anazikunja zote upya na kuzirudisha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Hakuvaa hata moja.

"Watu wanazilimia hizi," alikuwa ananiambia. "Wanaziingiza kwenye matope ya mpunga. Itafika siku zitatafutwa kwa tochi."

"Na nani? Nani atatafuta nguo kuukuu kwa tochi?"

"Watu tu."

Nilicheka. Hatukujaliwa watoto, na wakati mwingine nilijiambia kila mtu na anachokilea.

Nimesema hakuvaa hata moja. Lakini mara moja alitaka kuvaa. Ilikuwa Pasaka ya mwaka tisini na tano, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Alikuwa na jezi ya Manchester, nyekundu, yenye kamba shingoni kama ya viatu na herufi kubwa nyeupe kifuani. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza, nyingine zote ziliifuata hiyo. Nikaona mume wangu hawezi kwenda misa ya Pasaka na nguo yenye mikunjo. Nikawasha mkaa, nikapuliza, pasi ikashika moto vizuri, nikaiweka kifuani pa jezi. Nguo ya namna ile haitaki moto, nani alinifundisha? Ilishika pasi kama ulimbo. Nilipoinyanyua, herufi mbili zilikuja na pasi, na palipobaki palikuwa na tundu lenye ukingo mweusi.

Nazari alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Kisha akasema, "Nguo tu, Digna," akavaa shati lake jeupe, tukaenda misa. Sikuiona tena. Wiki moja baadaye niliona kitambaa chekundu kikining'inia kwenye msumari bandani kwake, anafutia minyororo. Nikajua ndiyo ile. Lakini kila nilipovuka barabara kumpelekea chakula nilikiona, na kila nilipokiona moyo ulinichoma. Miaka mitatu niliishi na kitambaa kile.

Mwaka huu wa tisini na nane mvua zilipokuwa hazijui kuacha, bonde zima maji, Nazari aliugua kifua. Alilazwa wiki tano. Nilikuwa nafunga meza saa nane, naenda wodini na uji, narudi, nalala, naamka. Nimechoka tangu wakati ule na mpaka leo sijapumzika. Siku mbili kabla hajafa aliniambia jambo moja tu, sauti yenyewe imebaki ya kuazima.

"Zile jezi. Zisiachane."

"Nyamaza, utachoka."

"Zisiachane, Digna."

Nikamwahidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Sasa, kwetu marehemu akitimiza arobaini, baada ya misa unatandikwa mkeka uani, na nguo zake zote zinamwagwa pale. Mkubwa wa ukoo anazigawa, kila ndugu apate japo kimoja, akivae, amkumbuke. Nguo ya marehemu haifungiwi, na kuiuza ni aibu ambayo watu hawaisahau. Mjane hachagui. Anapokea wa mwisho, kile kilichobaki.

Nilikosa usingizi kwa ajili ya mkeka ule. Jirani yangu wa meza ya pili, Mbuke, mama wa Kisukuma anayeuza vitenge na kujua dawa ya kila jambo, ndiye aliyenipa akili.

"Hizo jezi zimetoka wapi?" akaniuliza.

"Kwenye mabelo yangu."

"Alikulipa?"

"Nazari anilipe mimi?"

"Basi ni mali yako ya biashara. Hazimo kwenye mirathi. Lete sanduku hapa, weka chini ya meza, yamekwisha."

Nikalibeba sanduku alfajiri kwa baiskeli, bila hata kulifungua. Sikuwa na moyo wa kulifungua.

Siku ya arobaini Mzee Raimundi, baba mkubwa wa Nazari na mkubwa wa ukoo, alikuja kutoka Idete, na ndugu wengine wakatoka Mahenge. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Ufaransa, redio za majirani zinapiga kelele, na yeye aliyelisubiri miaka minne yuko makaburini. Mzee akagawa suruali mbili, mashati, koti la harusi, viatu. Mkeka ukabaki mtupu upesi, maana Nazari hakuwa mtu wa nguo. Ndipo wifi yangu Brigitha, dada yake wa pekee, akauliza.

"Na zile jezi zake?"

"Zile si zake, wifi," nikasema. "Ni za belo. Mali ya biashara."

Watu walinigeukia. Mzee Raimundi alinitazama, nikatazama kucha zangu.

"Kama ni mali ya biashara, basi ni za mwenye biashara," akasema. "Hatuzigusi." Akakunja mkeka mwenyewe. Brigitha hakuambulia kitu, kwa sababu alikuwa anasubiri jezi na mashati aliyaacha yapite.

Siku nne baadaye, asubuhi, Brigitha akasimama mbele ya meza yangu. Amevaa vizuri, khanga mpya, kama mtu anayekwenda mjini kwa shughuli.

"Za asubuhi, wifi."

"Nzuri, wifi. Karibu."

"Nimekuja kununua." Akafungua fundo la khanga, hela za mpunga zimekunjwa humo. "Nataka ile ya njano yenye kuumiza macho."

Mbuke aliacha kuita wateja. Mimi ningesema nini? Kwamba haiuzwi? Mali ya biashara gani isiyouzwa? Nilikuwa nimejifunga kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikainama, nikavuta sanduku, nikainua mfuniko kidogo tu. Ya njano ilikuwa juu kabisa. Nikampa.

Wateja wangu huvuta nguo, huikagua kwapani, hutafuta tundu wapunguziwe. Brigitha hakukagua. Aliiweka usoni akakaa nayo hivyo, pale sokoni, watu wanapita na matenga ya nyanya.

"Inanuka grisi," akasema ndani ya kitambaa. "Hata anawe vipi." Kisha akaishusha. "Shilingi ngapi?"

Mimi ndiye ninayetaja bei tangu asubuhi mpaka sauti ikauke. Nataja bei ya soksi, nataja bei ya koti, hata usingizini Nazari aliwahi kunisikia nikitaja bei. Siku ile nilifungua mdomo na bei haikutoka. Nikajaribu tena. Nilijiona nilivyo, mwanamke mwenye gauni jeusi la msiba aliyesimama mezani kumuuzia mtu nguo ya ndugu yake aliyekufa.

"Haina bei, wifi," nikasema. "Ni ya kaka yako."

"Najua ni ya kaka yangu." Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka kama mimi. "Nilitaka nione kama kweli ungeniuzia." Akafunga hela zake kwenye khanga, akaikunja jezi, akaondoka nayo. Nilikaa juu ya sanduku nikalia, na Mbuke, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na ushauri.

Jumapili mkeka ukatandikwa upya. Mzee Raimundi alikuwa ameitwa tena kutoka Idete, mzee wa miaka sabini na tano, kwa barabara ile iliyokatika katika na mvua, kwa sababu yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya mwanangu, tueleze. Ulikosa nini kwetu?"

Nikaeleza yote. Nikaeleza wodi, na sauti yake, na lile neno la mwisho, kwamba zisiachane. Nilipomaliza Mzee alivua kofia akaiweka gotini.

"Alisema hivyo kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, baba."

"Ungelisema siku ile," akasema. "Neno la mtu anayekufa nani angelipinga? Mimi? Ningefunga sanduku kwa mikono yangu, na ndugu wote wangeitikia." Akatikisa kichwa. "Lakini siku ile ulituambia ni mali ya biashara. Leo unatuambia ni neno la marehemu. Mimi nikikuamini, hawa nitawaambia nini?"

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko kifo chenyewe, kwamba ukweli ulikuwa mikononi mwangu, unatosha, na mimi nikaenda kuazima uongo sokoni. Brigitha alikuwa anatazama upande.

Mzee akafungua sanduku. Jezi zikaanza kutoka moja moja, na kila moja akaiitia mtu. Ya Norwich ikaenda kwa binamu wa Mahenge, mtu wa Yanga kweli kweli, akabusu kitambaa watu wakacheka kidogo. Perkinsi wa darasa la nne akaenda kwa Antoni, mjomba wa Nazari, ambaye kesho yake angemwingiza kwenye mpunga. Niliziona zikiachana. Kila iliyotoka nilijua imetoka kwenye belo la mwezi gani, na Nazari alisema nini alipoiinua juani. Ndugu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Jezi thelathini zilikwisha kama chakula cha msibani.

"Bado moja," akasema Mzee. "Hii ya mjane."

Ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani. Akafungua, akaishika mabegani, akaikunjua mbele ya watu wote.

"Mbona hii imeungua?"

Ilikuwa nyekundu. Kamba shingoni, herufi mbili hazipo.

Mtu mmoja nyuma akasema hiyo mbovu, mama wa watu apewe nyingine. Mtu mwingine akauliza Nazari aliyejifanya mchaguzi aliiwekea nini takataka. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Niliichukua mikononi mwa Mzee, nikaigeuza ndani nje, kama alivyokuwa anazigeuza yeye. Pale palipoungua alikuwa amepaziba kwa ndani kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa mviringo, kimepigwa msasa pembeni na kugandishwa kwa gundi ya solusheni, kama anavyoziba pancha. Alikuwa fundi, hakuwa na ufundi mwingine. Na kile kitambaa cha kwenye msumari kilikuwa kitambaa tu.

"Wifi," Brigitha akaniita kwa sauti ndogo. "Ni ipi hiyo?"

"Hii ndiyo yenyewe," nikasema.

Niliivaa pale pale, juu ya gauni jeusi la msiba. Kiraka kilikuwa cha baridi kifuani. Mzee Raimundi akakunja mkeka, na wifi akaja akanifunga kamba za shingoni.